Saratani katika Tumbo Lililokatwa Zamani: Namna Inavyotambuliwa na Mambo ya Kudai Unapopimwa

Wapo watu ambao miaka 20, 30 au hata 40 iliyopita waliondolewa sehemu ya tumbo kwa upasuaji, mara nyingi kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Walipona, wakarudi katika shughuli zao, na kovu lililobaki juu ya kitovu likawa jambo lisilozungumzwa tena. Makala hii imeandikwa kwa ajili yao na kwa ajili ya jamaa wanaowauguza. Lengo lake ni kueleza kwamba sehemu ya tumbo iliyobaki inaweza, baada ya miaka mingi, kuota saratani mpya. Kwamba dalili zake hufanana na usumbufu ambao mtu aliyekatwa tumbo amekwisha kuuzoea. Na kwamba kipimo kinachoweza kuithibitisha kinajulikana na hakina mbadala.

Neno "tumbo" hapa lina maana ya mfuko wa chakula unaopokea chakula kutoka kwenye umio na kukipitisha kwenye utumbo mwembamba. Eneo lote la mwili lililo kati ya kifua na nyonga tutaliita fumbatio.

Upasuaji huu ulifanywa kwa nini?

Mtu wa kwanza kufanikiwa kuondoa sehemu ya tumbo la binadamu na mgonjwa akanusurika baada ya upasuaji alikuwa daktari Theodor Billroth wa Vienna, nchini Austria, mwezi Januari 1881. Alikata sehemu ya chini ya tumbo iliyokuwa na saratani, kisha akaunganisha sehemu iliyobaki na mwanzo wa utumbo mwembamba. Mwaka 1885 alitumia njia ya pili: alifunga mwanzo wa utumbo na kuliunganisha tumbo na sehemu ya utumbo iliyo mbele zaidi. Njia hizo mbili hubeba jina lake hadi leo. Ndiyo maana katika baadhi ya mafaili ya hospitali huandikwa "Billroth I" au "Billroth II".

Kwa muda mrefu katika karne ya 20, upasuaji wa aina hii ulikuwa tiba ya kawaida ya vidonda vya tumbo vilivyotoboka, vilivyovuja damu au vilivyoziba njia ya chakula. Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1970, zilipopatikana dawa zenye nguvu za kupunguza asidi. Kisha mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall, wakifanya kazi mjini Perth, Australia, walimtambua bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ndiye chanzo cha vidonda vingi. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Tangu hapo vidonda vingi hutibiwa kwa vidonge, na upasuaji umebaki kwa wachache wenye matatizo makubwa.

Matokeo yake ni kwamba wengi wa wale waliokatwa tumbo kwa sababu ya vidonda sasa ni watu wa makamo au wazee. Madaktari waliowapasua huenda wamestaafu, mafaili yao yamepotea, na wahudumu wa afya wanaowapokea leo huenda hawajakutana na wagonjwa wengi wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa mwenyewe ndiye mtunzaji mkuu wa taarifa za upasuaji wake.

Kwa nini saratani huota baada ya miaka mingi?

Tumbo likiwa zima, lango lake la chini huzuia nyongo na maji ya utumbo yasirudi nyuma. Sehemu ya chini ya tumbo inapokatwa, lango hilo huondolewa pamoja nayo. Kuanzia hapo nyongo hupanda na kulowesha ukuta wa tumbo lililobaki, mwaka baada ya mwaka. Ukuta huo hupata uvimbe mwekundu usiokoma, na seli zake huanza kubadilika.

Aidha, sehemu inayoondolewa ndiyo inayochochea utengenezaji wa asidi. Asidi ikipungua, bakteria ambao kwa kawaida wasingeweza kuishi tumboni hupata makazi, na baadhi yao hugeuza viambato vya chakula kuwa kemikali zinazoweza kudhuru seli. Helicobacter pylori naye anaweza kuendelea kuishi katika tumbo lililobaki. Mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilimweka bakteria huyu katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Uvutaji wa sigara huongeza hatari zaidi.

Mabadiliko haya huenda polepole sana. Saratani ya tumbo lililobaki ilielezwa na daktari Donald Balfour wa Marekani mwaka 1922. Kwa desturi ya kitabibu, huitwa kwa jina hilo ikiwa imeota angalau miaka 5 baada ya upasuaji uliofanywa kwa ugonjwa usio wa saratani. Kwa kweli wengi huipata baadaye zaidi: hatari huanza kupanda waziwazi miaka 15 hadi 20 tangu upasuaji. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa waliofanyiwa njia ya pili ya Billroth, ambayo huruhusu nyongo nyingi kuingia tumboni.

Ni vema kusisitiza jambo moja ili kuondoa hofu isiyo ya lazima. Watu wengi waliokatwa sehemu ya tumbo hawapati saratani hii maishani mwao. Hatari ipo, lakini si hukumu. Kinachotakiwa ni kuifahamu ili, dalili zikijitokeza, zisipuuzwe.

Dalili, na mtego uliomo ndani yake

Dalili zinazopasa kumpeleka mtu hospitalini ni hizi:

- kupungua uzito bila kukusudia;
- kushiba upesi kuliko ilivyokuwa desturi, au kukosa hamu ya kula;
- maumivu mapya au usumbufu juu ya kitovu usiokwisha;
- kichefuchefu na kutapika mara kwa mara;
- chakula kukwama kifuani wakati wa kumeza;
- uchovu, kuishiwa pumzi na weupe wa viganja au wa ndani ya kope, ambazo ni dalili za upungufu wa damu;
- choo cheusi kinachonata kama lami, au kutapika damu.

Dalili mbili za mwisho zikitokea pamoja na kizunguzungu au kuzimia, hiyo ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri siku ya kliniki.

Ugumu ni kwamba mtu aliyekatwa tumbo huishi na usumbufu wa aina hii kwa miaka mingi hata akiwa hana saratani. Hushiba upesi kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Baada ya kula vitu vitamu hutokwa jasho, moyo hwenda mbio na tumbo husokota, kwa sababu chakula hushuka kwenye utumbo kwa kasi. Hutapika nyongo. Hupungukiwa damu kwa kuwa mwili wake haufyonzi vizuri madini ya chuma wala vitamini B12. Kwa hiyo dalili mpya inapokuja, yeye mwenyewe husema, "Hili ni lile lile la siku zote," na mhudumu wa afya naye hukubali.

Mtego wa pili ni kwamba saratani hii inaweza kukua kwa muda mrefu bila kuziba chakula, kwa sababu tundu linalounganisha tumbo na utumbo mara nyingi huwa pana. Mtu huendelea kula, na kwa kuwa anakula, hudhani kwamba hakuna jambo kubwa.

Jambo la kuangalia, basi, ni badiliko. Jiulize: je, hali yangu ya leo inatofautiana na nilivyokuwa mwaka mmoja uliopita? Suruali iliyokuwa inanitosha sasa inanipwaya? Sahani niliyokuwa naimaliza sasa naiacha nusu? Damu yangu ilikuwa sawa kwa miaka mingi na sasa inashuka licha ya kutumia dawa? Badiliko lililodumu zaidi ya wiki chache kwa mtu aliyekatwa tumbo miaka mingi iliyopita linastahili kuchunguzwa kwa kipimo, wala halistahili kukisiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Na katika ugonjwa huu mtu anaweza kuficha maradhi bila kujua kwamba anayaficha.

Zingatia pia kwamba vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi. Ukiwa unavitumia, mweleze daktari. Lakini usivitumie kama sababu ya kutokwenda kupimwa.

Hatua ya kwanza: historia iliyo kamili

Uchunguzi mzuri huanza kwa maneno kabla ya mashine. Daktari asiyejua kwamba tumbo lako lilikatwa atakutibu kama mtu mwenye tumbo zima, na hapo ndipo miezi hupotea.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mwenye umri wa miaka 66 alikatwa sehemu ya tumbo mwaka 1988 baada ya kidonda kuziba njia ya chakula. Sasa anakwenda zahanati akilalamika kiungulia na uchovu. Anasema tu, "Mimi nina vidonda vya siku nyingi." Anapewa dawa ya kupunguza asidi kwa mwezi mmoja. Anapata nafuu kidogo, maumivu yanarudi, anapewa dawa ile ile tena. Miezi 8 inapita na kilo 9 zimepungua. Hakuna aliyemtendea ubaya kwa makusudi, lakini sentensi moja ilikosekana: "Mwaka 1988 nilipasuliwa nikaondolewa sehemu ya tumbo." Sentensi hiyo ingebadilisha njia yote ya matibabu.

Ikumbukwe kuwa si kila upasuaji wa vidonda ulikuwa wa kukata tumbo. Baadhi ya watu walizibwa tundu la kidonda kilichotoboka. Wengine walikatwa mishipa ya fahamu inayochochea asidi, na wengine waliunganishiwa utumbo na tumbo bila kuondolewa chochote. Kovu la nje linaweza kufanana kwa wote. Ukiwa na hati uliyopewa uliporuhusiwa kutoka hospitalini, ihifadhi na uende nayo. Ukiwa huna, omba nakala katika hospitali iliyokupasua. Nako kukiwa hakuna kumbukumbu, andika kwenye karatasi mwaka wa upasuaji, jina la hospitali, sababu ya kupasuliwa na yale uliyoelezwa wakati huo. Waulize ndugu waliokuuguza; mara nyingi wanakumbuka zaidi kuliko mgonjwa mwenyewe.

Mweleze daktari pia kama kuna mzazi au ndugu wa damu aliyepata saratani ya tumbo, kama unavuta sigara, na dawa zote unazotumia, zikiwamo za asili.

Kipimo kinachotegemewa: endoskopi

Endoskopi ni kipimo ambacho daktari hutumia mrija mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera ndogo, unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Watu wengi hukiita "kipimo cha kamera". Kwa kipimo hiki daktari huona ukuta wa tumbo kwa macho na, lililo muhimu zaidi, hukata vipande vidogo vya nyama kwa ajili ya uchunguzi.

Maandalizi. Kwa kawaida mgonjwa huagizwa asile chakula kwa saa 6 hadi 8. Hata hivyo, tumbo lililokatwa mara nyingi huchelewa kusafishika, na mabaki ya chakula au nyongo yanaweza kufunika kidonda kidogo. Kwa hiyo unapopangiwa siku, taja tena kwamba ulikatwa tumbo; huenda ukaagizwa kutumia vyakula vya majimaji tu siku iliyotangulia. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mfano warfarini, au insulini na dawa nyingine za kisukari, uliza mapema namna ya kuzitumia siku hiyo. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Wakati wa kipimo. Koo hupuliziwa dawa ya ganzi, na katika vituo vingi mgonjwa anaweza kupewa dawa ya kumtuliza kwa njia ya mshipa. Kipimo huchukua dakika chache. Huleta kichefuchefu na usumbufu, lakini hakizuii kupumua. Madhara makubwa, kama vile kutoboka kwa tumbo au kuvuja damu nyingi, hutokea kwa nadra. Ukipewa dawa ya kutuliza, nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, na usiendeshe chombo cha moto hadi siku inayofuata.

Ubora wa kipimo. Katika tumbo lililokatwa daktari hana budi kukagua maeneo yote: mahali tumbo lilipounganishwa na utumbo, ukuta wote uliobaki, na sehemu ya juu karibu na umio. Saratani hupenda kuota kwenye maungio, lakini inaweza kuota popote. Kama tumbo lilikutwa na chakula na halikuonekana vizuri, kipimo hicho hakijakamilika na kinapaswa kurudiwa baada ya maandalizi bora. Una haki ya kuuliza, "Je, tumbo lote lilionekana?"

Vipande vya nyama na majibu yake

Macho peke yake hayatoshi. Kwenye maungio, wekundu na mikunjo ni jambo la kawaida hata pasipo saratani. Na saratani changa inaweza kuonekana kama mchubuko mdogo usiotisha. Ndiyo maana huhitajika vipande kadhaa. Palipo na kidonda au uvimbe wa kutilia shaka, kwa kawaida hukatwa vipande 6 hadi 8. Hata pasipoonekana kitu, inashauriwa vichukuliwe vipande kutoka kwenye maungio na sehemu nyingine za tumbo lililobaki. Ukataji huu hauumi.

Vipande hivyo hutiwa katika kopo lenye dawa ya kuvihifadhi na kupelekwa kwa daktari wa patholojia, ambaye huvichunguza kwa hadubini. Majibu huchukua siku kadhaa, na pengine wiki, ikiwa sampuli husafirishwa kwenda maabara ya mbali. Baadhi ya maneno utakayoyakuta katika majibu ni haya:

- Uvimbe sugu wa ukuta wa tumbo. Hutokea kwa karibu kila mtu aliyekatwa tumbo. Si saratani.
- Seli za tumbo kugeuka na kufanana na za utumbo. Si saratani, lakini ni ishara kwamba ukuta umebadilika, na daktari anaweza kupendekeza ufuatiliaji.
- Displasia. Seli zimeanza kupoteza mpangilio wake. Ikiwa ya kiwango cha juu, ipo hatua moja tu kabla ya saratani na huhitaji kushughulikiwa bila kuchelewa.
- Adenokasinoma. Hii ndiyo aina ya saratani inayopatikana zaidi katika tumbo.

Yapo mambo mawili ambayo wengi hawaelezwi. Kwanza, majibu yanayosema hakuna saratani hayafungi mjadala ikiwa daktari aliona kidonda cha kutilia shaka. Vipande vinaweza kuwa vilikatwa pembeni mwa ugonjwa. Katika hali hiyo kipimo hurudiwa. Pili, kidonda kilichopatikana ndani ya tumbo na kutibiwa kwa dawa kinapaswa kuangaliwa tena kwa endoskopi, kwa kawaida baada ya wiki 8 hadi 12, hadi ithibitike kwamba kimepona.

Vipimo na tiba zisizoweza kuchukua nafasi ya endoskopi

Kipimo cha Helicobacter pylori. Kipimo hiki cha damu au choo hupatikana hata katika maabara ndogo za mitaani. Huonyesha kama bakteria yupo au aliwahi kuwapo, basi. Jibu la "yupo" halielezi dalili zako zote, na jibu la "hayupo" haliondoi uwezekano wa saratani.

Ultrasaundi. Hufaa kwa kuangalia ini na kibofu cha nyongo, lakini haiwezi kutegemewa kuona saratani changa ndani ya tumbo.

Eksirei ya bariamu. Mgonjwa hunywa dawa nyeupe kisha hupigwa picha. Katika tumbo lililokatwa, umbo lililobadilika hufanya picha iwe ngumu kusoma, na eksirei haiwezi kukata kipande cha nyama.

Vipimo vya damu vya saratani. Vipimo vinavyotangazwa kuwa hugundua saratani kwa tone la damu havithibitishi wala kukanusha saratani ya tumbo. Kipimo cha wingi wa damu ni cha msaada kwa kuwa hufichua upungufu wa damu, lakini hakionyeshi chanzo chake.

Dawa za kupunguza asidi. Omeprazoli na dawa za jamii yake zina manufaa makubwa, lakini zinaweza kutuliza maumivu ya kidonda cha saratani, na hata kukifanya kwa muda kionekane kama kinachopona. Kwa hiyo kupata nafuu si ushahidi kwamba hakuna saratani. Mtu aliyekatwa tumbo hapaswi kujinunulia dawa hizi dukani mwezi baada ya mwezi bila kupimwa.

Dawa zinazonadiwa kuponya vidonda na saratani. Hutangazwa redioni, kwenye mitandao na sokoni, mara nyingi pamoja na ushuhuda wa waliopona. Uliza kama bidhaa imesajiliwa na mamlaka husika na muuzaji ana leseni. Nchini Tanzania dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nazo huduma za tiba asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Hasara kubwa ya bidhaa hizi ni muda unaopotea, na muda huo haurudishwi na stakabadhi yoyote.

Saratani ikithibitishwa

Hatua inayofuata ni kujua imefika wapi. Kwa kawaida hufanyika kipimo cha CT cha kifua na fumbatio ili kuangalia ini, mapafu na tezi za limfu. Wakati mwingine madaktari hupitisha kamera kupitia tundu dogo kwenye ngozi ili kukagua utando wa ndani wa fumbatio, kwa kuwa chembe ndogo zilizosambaa hapo zinaweza zisionekane katika CT.

Majibu hayo ndiyo huongoza tiba. Saratani changa sana, ambayo haijapenya chini ya tabaka za juu za ukuta, inaweza kuondolewa kwa kutumia endoskopi katika vituo vyenye utaalamu huo. Iliyopenya zaidi lakini haijasambaa hutibiwa kwa kuondoa tumbo lote lililobaki pamoja na tezi za jirani. Umio huunganishwa na utumbo, na mgonjwa huweza kuishi na kula kwa milo midogo midogo, akipata sindano za vitamini B12 maisha yake yote. Wengine huhitaji dawa za saratani kabla au baada ya upasuaji. Iliyosambaa hutibiwa kwa dawa na huduma ya kupunguza maumivu. Tofauti ya matumaini kati ya saratani iliyogunduliwa mapema na iliyochelewa ni kubwa, na hiyo ndiyo sababu ya makala hii kuandikwa.

Huduma hizi hupatikana wapi, na uulize nini kabla ya kulipa?

Kwa Tanzania, endoskopi hufanyika katika hospitali kubwa za rufaa, zikiwamo Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza, na pia katika baadhi ya hospitali binafsi. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iliyopo Dar es Salaam hutoa tiba ya mionzi na dawa za saratani. Ikiwa una bima ya afya, omba barua ya rufaa kutoka ngazi ya chini, kwani bila hiyo unaweza kutakiwa kulipa mwenyewe.

Kabla ya kipimo, uliza maswali yafuatayo na uandike majibu:

1. Je, bei niliyotajiwa ni ya endoskopi peke yake, au inajumuisha pia uchunguzi wa vipande vya nyama maabara? Mara nyingi hizi ni gharama mbili tofauti, na wapo wanaolipia ya kwanza kisha sampuli ikakaa bila kupimwa kwa kukosa ya pili.
2. Je, bima yangu inalipia zote mbili?
3. Sampuli itapelekwa maabara gani, na ni nani atakayeipeleka? Ukikabidhiwa wewe au ndugu yako, hakikisha kopo limeandikwa jina lako kamili, tarehe na mahali vipande vilipokatwa, na udai stakabadhi unapolikabidhi.
4. Majibu yatatoka lini, nayo nitayapata kwa nani?
5. Nitapewa ripoti ya maandishi ya endoskopi na ya patholojia?

Ripoti hizo ni zako kuzijua. Omba nakala na uzihifadhi pamoja na kadi yako ya kliniki. Siku ya majibu ikipita kimya, usichukulie kwamba kimya kina maana ya heri, fuatilia. Ukiwa hujaridhika, unaweza kuomba maoni ya daktari mwingine, na vioo vilivyotengenezwa kutokana na vipande vyako vinaweza kusomwa upya na mtaalamu mwingine bila wewe kukatwa tena.

Je, asiye na dalili apimwe?

Hakuna kanuni inayomtaka kila mtu aliyekatwa tumbo kwa sababu ya vidonda apimwe kila mwaka. Hata hivyo, kwa kuwa hatari hupanda baada ya miaka 15 hadi 20, aliyefikisha muda huo anafanya vema kuzungumza na daktari wake kuhusu kufanyiwa endoskopi, hasa akiwa na ndugu aliyepata saratani ya tumbo au akiwa mvutaji wa sigara. Kupima Helicobacter pylori na kumtibu akipatikana, pamoja na kuacha sigara, ni hatua zinazopunguza hatari. Kwa aliyekatwa tumbo kwa sababu ya saratani, ufuatiliaji ni wa lazima na hupangwa na madaktari wake. Asiache kuhudhuria kliniki kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Kwa ufupi

Ukiwa umeondolewa sehemu ya tumbo, sema hivyo kila unapokwenda kutibiwa, na utaje mwaka. Badiliko jipya katika kula, uzito au damu lisipewe jina la vidonda vya zamani kabla ya kuonwa kwa kamera na kuthibitishwa kwa hadubini. Hakikisha vipande vimefika maabara na majibu yamefika mikononi mwako. Ikiwa una mzazi au mkubwa mwenye kovu la zamani la upasuaji juu ya kitovu, muulize lilitokana na nini, na uandike jibu lake leo.